Malaria ya Mbalamwezi

Huku Rumonge, wavuvi huoa mwezi ukiwa mpevu. Si kwa ajili ya mapenzi, ni kwa ajili ya ndagala, dagaa wa ziwani. Ndagala hufuata taa, na mwezi ukishakuwa mkubwa, ziwa zima linapata taa moja ambayo hakuna patroni, mwenye chombo, anayeweza kuizima. Samaki hutawanyika wanavyotaka, na katamara, ile mitumbwi iliyounganishwa kwa miti na wavu katikati, zinabaki ufukweni zikikauka matumbo. Siku hizo ndipo mvuvi hukumbuka kwamba ana nywele za kunyoa, wazazi wa kusalimia na mchumba wa kuoa. Arusi, tohara, kesi za mipaka ya michikichi, vyote vinangoja mwezi.

Rafiki yangu naye alipangiwa kuoa mwezi mpevu. Shida yake ilikuwa moja tu: kila mwezi mpevu alikuwa mgonjwa.

Wakati huo nilikuwa naishi kwao, katika chumba cha uani nyumbani kwa mama yake. Nilikuwa nimefika Rumonge kwa nia ya kukaa wiki moja tu, kama ninavyofika kila mahali, nikakawia. Shule niliiacha mapema, lakini maswali hayakuniacha, na maswali ndiyo yaliyonitembeza. Nimeanika ndagala Gitaza, nimebeba watu kwa velo, yaani baiskeli, Magara, nimekanyaga machikichi Nyanza-Lac mpaka nyayo zangu zikawa na rangi ya mchuzi. Nilipoulizwa kazi yangu ni nini, nilijibu kwamba ile ya jana nimeiacha na ile ya kesho sijaijua.

Rafiki yangu alikuwa mtu wa kazi moja. Alikuwa mtu wa taa. Katika katamara, mtu wa taa ndiye anayeyaangalia maji wakati wenzake wanasinzia. Anasubiri ndagala wakusanyike chini ya mwanga, na wakishakuwa wengi wa kutosha, yeye ndiye anayesema: vuta. Akisema mapema, wavu unapanda na maji. Akisinzia, unapanda na aibu. Kwa hiyo hasinzii. Na asisinzie vipi mtu aliyeumbwa kwa nyama kama mimi na wewe? Alitafuna mairungi, majani yanayoletwa kutoka Bujumbura yamefungwa ndani ya majani ya mgomba. Hayauzwi juu ya meza, lakini hakuna asiyejua yako chini ya meza ipi. Alianza kwa kuyatafuna usiku wa kazi. Baadaye alitafuna jioni ili aipate hamu ya kwenda kazini, na asubuhi ili aipate hamu ya kurudi nyumbani. Shavu lake la kushoto lilikuwa limevimba muda mrefu hivi kwamba mimi niliamini alizaliwa nalo.

Alipokuwa na majani, hakukuwa na mtu wa kupendeza kama yeye. Alizungumza na kila kitu. Nilimkuta siku moja akimweleza bata jinsi ya kutengeneza jenereta.

Kisha mwezi unajaa, katamara zinalala, na yeye analala pamoja nazo. Majani hana haja nayo, hakuna kazi. Basi siku ya pili viungo vinamuuma. Chakula hakitaki. Mwanga unamkera, sauti ya kuku inamkera, na mimi namkera zaidi ya kuku. Analala uso ukiangalia ukuta. Mama yake alikuwa na jina la ugonjwa huo, na ufukwe mzima ulilikubali.

"Ni malaria ya mbalamwezi," alisema. "Baba yake alikuwa nayo. Mwezi unaingia mu mifupa."

"Mama, malaria inaletwa na mbu," nilimwambia.

"Na mbu anaona njia kwa nini? Si kwa mwezi?"

Basi kila mwezi ulipoanza kunenepa, rafiki yangu alinunua vidonge vya malaria na kuvimeza vyote. Mwezi ulipokonda na katamara kurudi majini, alirudi kwenye taa yake, akaweka majani shavuni, na kufikia asubuhi alikuwa mzima, akifundisha bata. Vidonge vilipewa sifa yote. "Dawa hii ni kali," alisema. "Inachelewa lakini inafika."

Mambo yangeendelea hivyo mpaka leo kama asingechumbia. Mchumba alikuwa wa Nyanza-Lac, binti wa watu waliorudi kutoka Tanzania baada ya miaka mingi ya ukimbizi. Walirudi na mabati, cherehani, na Kiswahili kilichopigwa pasi ambacho kilitufanya sisi tuone aibu kuomba hata maji. Mahari yalikubaliwa bila kelele. Kelele zilitoka kwa shangazi wa binti, mwanamke mpana mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, aliyesikia kutoka kwa wauza samaki kwamba bwana arusi huugua kila mwezi mpevu.

"Kule tulikokuwa," alituma neno, "ugonjwa unaofuata mwezi una jina, nao ni kifafa. Kama ni kifafa, mtuambie sasa. Siku ya ndoa atasimama kwa miguu yake na kujibu kwa mdomo wake. Asipoweza, narudi na mtoto wangu."

Ndoa ilikuwa imepangwa mwezi mpevu wa pili kutoka siku hiyo. Hakuna aliyethubutu kusema ihamishwe. Ukihamisha arusi ya mvuvi kwenye giza, utakula pilau na wajane na wagonjwa, maana wanaume wote wako ziwani.

Jibu lilianza kuja kwa ajali. Mwezi ulipokuwa umekonda na kazi imechangamka, katamara yao iligonga mwamba na mtumbwi mmoja ukapasuka. Mafundi waliupindua ufukweni, wakaanza kuziba kwa pamba na kupigilia misumari, na wavuvi wakakaa. Rafiki yangu hakuwa na kazi, hivyo hakuwa na majani. Siku ya pili alikuwa ukutani, viungo vinauma, kuku wanamkera.

Nilitoka nje nikaangalia juu. Mwezi haukuwepo. Niliangalia tena, kwa heshima, nikidhani labda umejificha nyuma ya mlima. Haukuwepo.

"Ndugu," nilimwambia, "malaria yako imekuja bila mwezi."

"Nenda zako."

"Mwezi umesingiziwa. Tumeusingizia miaka yote hii."

Hakucheka. Alisema kitu bila kugeuka, kwa sauti ya mtu anayetaja bei ya chumvi. "Naona kama nimekufa na mumesahau kunizika."

Mimi ni mtu wa mzaha, lakini neno hilo lilinikalia vibaya. Nilimwinua, nikamvisha viatu vyangu kwa kuwa vyake sikuviona, nikampeleka kwenye sante, kituo chetu cha afya, nikimsukuma kama velo iliyotoboka.

Walimtoboa kidole. Hakuwa na malaria. Muuguzi aliyetupokea alikuwa mama wa makamo, mwenye kalamu iliyochomekwa kwenye nywele na nyingine mkononi, akiitafuta ile ya kwenye nywele.

"Wewe ni nani kwake?" aliniuliza.

"Tunalala chumba kimoja."

"Na wewe unaumwa nini?"

"Mimi nina maswali tu."

"Kwa hayo hatuna vidonge," alisema, lakini alinivutia kiti. Akamgeukia rafiki yangu. "Unatafuna?"

Rafiki yangu aliangalia dari. "Kidogo."

"Mbuzi pia hutafuna kidogo," nikasema.

"Wewe nyamaza. Na unalala saa ngapi?"

"Mwezi ukijaa," alijibu.

Yule mama alicheka, kisha akaacha kucheka na kumuuliza, polepole, kama amewahi kufikiri kujidhuru. Alijibu kwamba hapana, anafikiri kulala tu, kulala sana. "Ukianza kufikiri hilo jingine," alimwambia, "usingoje foleni. Unaingia moja kwa moja, hata nikiwa nakula."

Ndipo nilipoanza maswali yangu. Kama hana malaria, kwa nini ana uso wa malaria? Kwa nini viungo, kwa nini chakula, kwa nini ukuta?

"Ukipata malaria," aliniuliza, "ni nani anayekulaza kitandani?"

"Mdudu."

"Nusu tu ni mdudu. Nusu nyingine ni askari wako mwenyewe. Kinga yako. Wakimwona adui wanapiga baragumu, wanatangaza mwili mzima: laleni, msile, msicheke, msitoke nje, kuna vita. Ule uchovu na ile huzuni ya homa si adui aliyeileta. Ni amri ya serikali yako."

Nilisogeza kiti karibu.

"Sasa, kichwani nako kuna askari. Hao hawatoki, wanakaa humo humo, kazi yao ni kulinda na kufagia. Mtu akitafuna majani usiku na mchana na halali, ubongo unachoka, na hao askari wanaanza kuona adui ambaye hayupo. Wanatangaza vita. Majani yakiwa shavuni husikii tangazo, kwa sababu majani yenyewe yana kelele zaidi. Siku unayoyatoa, kelele inakwisha, halafu unasikia."

"Laleni, msile, msicheke," nikasema.

"Eeh. Na mtu akisikia hivyo, anataka nini?"

"Majani," alijibu rafiki yangu. Ilikuwa mara ya kwanza kuzungumza bila kuulizwa yeye.

"Anataka majani, ili asisikie. Akitafuna, askari wanakasirika zaidi. Umeona duara hilo?" Kisha alininyooshea kalamu. "Na wewe mwenye maswali, usiende kutangaza sokoni kwamba nimesema mairungi ni malaria. Hayo ya askari wa kichwani wenye elimu bado wanayachunguza, na si askari peke yao, kuna mengine mengi: usingizi, mazoea, furaha yenyewe inachakaa. Watu hawalingani. Wengine wanatafuna wasipate hivi. Dawa ya kuwaambia askari walale sinayo."

"Una nini?"

"Nina ushauri, na hakuna anayeupenda. Aache. Siku za kwanza zitakuwa hizi hizi, pengine mbaya zaidi, kisha zinapungua wiki kwa wiki. Alale usiku, ale hata asipotaka, atembee, asikae peke yake. Mdomo ukitaka kazi, aupe bombo." Hivyo ndivyo tunavyoita peremende kwetu. "Na aje nimwone kila wiki."

"Murakoze, mama," alishukuru rafiki yangu, na viatu vyangu vikampeleka mlangoni.

Njiani nilimpigia hesabu ambayo mvuvi yeyote anaielewa. Akiendelea kutafuna mpaka mwezi ujae, atalisikia tangazo lile siku ya arusi yenyewe, mbele ya shangazi, maana mbele ya sheikh hatafuni mtu. Lakini akiacha sasa, kwenye giza, vita itakuwa imepungua mwezi ukija. Ila kuacha kwenye giza ni kuacha taa, na mtu wa taa hakosi kazini wakati wa giza. Ni kama imamu akose Ijumaa.

"Nani atakaa kwenye taa yangu?" aliuliza.

"Mimi."

Alicheka. Kilikuwa kicheko kidogo, cha kuumwa, lakini kilikuwa chake.

Mtumbwi ulipozibwa nilikwenda kwa patroni, naye alikubali kwa sharti kwamba sitasema lolote la busara nikiwa majini. Kuhusu kazi yangu ya taa sitaeleza sana. Nilikuwa macho, lakini nilikuwa nayaangalia maji kwa udadisi badala ya kuyaangalia kwa njaa. Niliwaona ndagala wakizunguka, nikajiuliza nani anawafundisha kugeuka wote kwa pamoja, na nilipokumbuka kusema "vuta", walikuwa wamekwenda kufundishwa kwingine. Wenzangu waliniita profesa, na hawakuwa wananisifu.

Mchana ndio ulikuwa wa rafiki yangu. Mama yake alimpikia samaki wetu wa mukeke kwa ugali wa muhogo na kukaa mbele yake mpaka sahani iwe nyeupe. Mimi nilimtembeza ufukweni, yeye nyuma yangu akitukana.

"Uliacha shule, leo umekuwa dokta?"

"Tembea."

"Dokta wa kukanyaga machikichi!"

"Tembea, bwana arusi."

Siku nyingine hakutukana, na hizo ndizo zilikuwa mbaya. Alikaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa, machozi yakimtoka bila sababu anayoijua. Nilikuwa nimejizoeza kumwambia, "Ni askari hao, si wewe." Sijui kama ilikuwa sayansi nzuri. Alijibu, "Waambie wapokee mshahara waende." Mara moja alinitoroka, akaenda kwenye ile meza, na akarudi shavu limevimba, anazungumza na bata. Muuguzi alipomwona wiki hiyo hakumgombeza. Nilipomweleza, alimuuliza tu bata alisemaje, kisha wakaanza upya.

Wakati huo huo mama yake alikuwa anafanya kazi yake nyingine. Mama huyo hawezi kuweka siri hata ndani ya chungu chenye kifuniko. Aliwaambia wanawake wenzake wa kuanika ndagala kwamba mwanawe ana askari kichwani. Wanawake waliwaambia wachuuzi, wachuuzi wakapanda gari, na habari ikashuka Nyanza-Lac ikiwa imenenepa njiani: bwana arusi anasikia askari kichwani, wanampa amri.

Asubuhi moja tukasikia hodi iliyopigwa pasi. Alikuwa shangazi, na dumu la mawese mkononi, maana hata anayekuja kuvunja uchumba haji mikono mitupu.

"Shikamoo, mama," tukasema wote.

"Marahaba. Yuko wapi?"

Alikuwa ukutani. Siku hiyo ilikuwa moja ya zile mbaya. Shangazi alisimama mlangoni, akaangalia kitanda, akatoka, akaangalia mbingu kama mimi nilivyoziangalia, akarudi.

"Mwezi haupo, na amelala," alisema. "Basi ni yale ya askari."

Mama yake rafiki yangu alishika kifua. Mimi nilifungua mdomo kueleza habari za kinga ya mwili, lakini rafiki yangu aliinuka mwenyewe, akakaa ukingoni mwa kitanda, nywele zimelala upande mmoja.

"Shangazi," alisema, "mimi siko mugonjwa wa mwezi. Mimi niko mutu wa mairungi. Nimeyaacha, na mwili wangu umeninunia. Kama utamuchukua mutoto wako, iko haki yako. Lakini usiseme nimekuficha."

Shangazi alivua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Mairungi?"

"Ndiyo, shangazi."

"Mairungi tu? Nimepanda gari tangu alfajiri nikisoma dua za kifafa, kumbe nimemsomea mbuzi!"

Mimi nilicheka, naye akanigeukia. "Wewe usicheke. Mume wangu wa kwanza alikuwa wa gongo. Kila Ijumaa aliacha, kila Jumamosi alisahau kwamba ameacha." Akakaa kitandani kando ya rafiki yangu, kitanda kikalalamika. Alisema kwa sauti ya chini zaidi, "Huzuni hiyo uliyonayo, naijua. Nilikuwa naiona kwake asubuhi. Nasikia huyu rafiki yako anakutembeza; yeye hakuna aliyemtembeza." Kisha akarudi kuwa shangazi. "Siku ya ndoa nitakaa kwenye pazia. Nikiona shavu limevimba, hata sheikh akiwa amefungua mdomo, nampandisha binti yetu kwenye gari, na pilau yenu mtakula wenyewe."

Mwezi ulijaa. Katamara zilipanda ufukweni, mimi nikavuliwa cheo cha taa kwa shangwe za wote, na patroni alinizawadia shati la kuvaa arusini ili, alisema, niache kunukia hasara.

Rafiki yangu hakuwa mzima kama vitabu vinavyopenda watu wapone. Asubuhi ya ndoa mikono ilikuwa mizito na hakumaliza chai. Lakini alisimama kwa miguu yake, ndani ya kanzu, na kuku walipolia hakuwatukana. Wanaume tulikaa juu ya mikeka, wanawake nyuma ya pazia, na katikati ya pazia palikuwa na upenyo, na katika upenyo palikuwa na miwani iliyofungwa kwa uzi.

Sheikh alianza kusoma. Rafiki yangu alikaa wima, amekodoa macho. Nilimwangalia kwa fahari, kisha niliona kitu kingine. Shavu la kushoto lilikuwa limevimba.

Pazia lilifunguka. Shangazi aliingia katikati ya wanaume kama gari la mizigo linaloingia sokoni.

"Fungua mdomo," alisema.

"Mama," sheikh alimwambia kwa upole, "tuko kwenye ndoa."

"Ndiyo maana, sheikh. Fungua mdomo, mwanangu."

Nilimwona rafiki yangu anamtazama, na jasho limemtoka. Akafungua. Juu ya ulimi, ndogo, nyekundu, iliyolambwa nusu, ilikaa bombo.

Shangazi aliinama akainusa. Wanaume wote tulishika pumzi pamoja naye.

"Ya sitroberi," alitangaza, na nyuma ya pazia wanawake wakapiga vigelegele ambavyo sijui mpaka leo vilikuwa vya ndoa au vya peremende. Alinyoosha kiganja. "Iteme hapa. Usijibu ndoa na kitu mdomoni." Akaitema. Akaifunga kwenye pindo la khanga yake na kurudi kwenye upenyo wake.

Sheikh alikohoa, akamshika mkono rafiki yangu, akaanza upya. "Mimi, kwa idhini ya walii, naku..."

"Nimekubali!" rafiki yangu alisema, kwa sauti iliyowafanya bata wa uani waruke.

"Ngoja, kijana. Sijakuozesha bado."

"Mwache, sheikh," ilisema sauti kutoka kwenye pazia. "Yeye yuko tayari. Wewe ndiye unachelewa."